Ile Ngazi ya Lavington

Nyinyi vijana wa ofisi mmeniomba niandike vile kazi ya kupeleka samansi, zile hati za kuita watu kortini, ilikuwa, kabla nianze kusahau ama kuongeza chumvi. Kusahau bado. Chumvi mmechelewa, nilianza kuongeza siku ya kwanza kazini na sijawahi pata sababu ya kuacha. Shule mimi niliiacha mapema tukiwa tumechokana, kwa hivyo naandika vile naongea. Mkipata mahali nimekosea, nyamazeni tu kama vile mnanyamaza wakili akikosea.

Siku hizi mnatuma samansi kwa simu, mnangoja tiki mbili ziwe bluu, mnaapa mbele ya korti kwamba mtu amepata. Mko na bahati. Sisi tiki yetu ilikuwa mbwa. Ukisikia amebweka, ujue uko nyumba sahihi.

Ofisi yetu wakati huo ilikuwa juu kabisa, jengo moja nyuma ya River Road, na lifti ilikuwa ya kuangalia tu. Ukifika juu unapata umesahau kile kilikuleta. Tulikuwa tunafanya kesi za watu wameumia: umegongwa na gari, umekatwa na mashine, umeangukiwa na signboard ya duka. Nilipokelewa na Mzee Kilonzo, Mkamba mmoja mfupi wa Machakos, mwenye alikuwa amepeleka samansi mpaka viatu vyake vilikuwa vinajua njia peke yake. Hakuniuliza kama najua kusoma. Aliangalia chini, kwa miguu yangu, akatingisha kichwa.

"Njuguna, hizi viatu zitakufia Hurlingham," akasema.

Zilikufa kabla ya Hurlingham. Nilimaliza siku ya kwanza nimefunga soli na kamba ya mfuko wa unga, na Kilonzo akitembea mbele yangu kama mtu hanijui.

Yeye ndiye alinifundisha kusalimia kwanza. Alisema mtu akiona karatasi kabla aone uso, anaruka ukuta. Lakini ukimsalimia, ukauliza watoto, ukauliza mvua huko kwao, ataona haya kukimbia. Mkenya anaweza kukwepa korti, lakini hawezi kumwacha mtu katikati ya salamu. Hiyo mbinu imefanya kazi mpaka leo, isipokuwa mara moja, jamaa mmoja wa mtaa wa Woodley alinisalimia vizuri, akauliza watoto wangu mmoja mmoja, akaniambia nikae aniletee chai, akatokea dirisha ya nyuma. Nilimpata kwa kinyozi baadaye, kichwa nusu imenyolewa. Hapo hata wewe huwezi kimbia. Alipokea, akaniambia leo nimemweza.

Mbwa wa Lavington, mtaa wa matajiri, nao walikuwa jambo lingine. Nyinyi mmeona hizi za sasa zinavalishwa sweta. Za wakati ule zilikuwa kama ndama, na kuta zilikuwa ndefu hivi kwamba kunguru alikuwa anapumzika katikati akipanda. Kilonzo alikuwa anabeba mandazi kwa mfuko wa koti, baridi, ya juzi, kwa sababu mandazi ya moto mbwa anameza mara moja anarudi kwako. Ya juzi inampa kazi. Mtu akikwambia kazi yetu haikuwa na vifaa, mwambie viatu, salamu, na mandazi ya juzi.

Sasa wacha niwaambie vile nilijua uzembe ni nini, maana hiyo ndiyo ilikuwa unga wetu wa kila siku. Kulikuwa na jamaa aliteleza Kenyatta Market kwa mafuta ya nyama choma, akavunja mkono. Mwenye kibanda akasema hapo kila mtu anajua kuna mafuta, hata nzi wanatembea polepole. Mimi nikaona kesi imekwisha, ni ajali tu. Kilonzo akaniambia tuketi hapo tuagize mbavu, tuangalie. Tukaangalia. Tukala. Tukaangalia tena. Kila mtu akipita alikuwa anateleza kidogo, na mwenye kibanda alikuwa anacheka, maji na sabuni ziko hapo kando yake.

Kilonzo akaniambia, "Ajali ni ya Mungu. Lakini huyu anaona watu wakiteleza, sabuni iko hapo, na hamwagi. Hiyo si ya Mungu. Hiyo ni yake."

Nikauliza, na yule aliteleza, si alikuwa anakimbia na soda mkononi? Kilonzo akasema hiyo pia iko, korti itamkatia kiasi yake. Makosa si lazima ibebwe na mtu mmoja. Mimi tangu siku hiyo nikipita mahali pa nyama natembea kama bibi harusi.

Miaka ikaenda. Kilonzo akarudi Machakos kwa mbuzi zake, nikabaki mimi ndio mzee. Ofisi ikachukuliwa na Wakili Mwende, mnamjua, yule anaongea polepole mpaka mtu anaanza kujaza maneno mwenyewe. Na hapo ndipo ile kesi ya Mutua ilikuja. Hii ndiyo nilitaka kuwaambia tangu mwanzo. Hayo mengine nilikuwa napasha mdomo joto.

Mutua alikuwa shamba boi Lavington, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Mama Tony. Alikuwa hapo tangu Tony akiwa wa kubebwa mpaka Tony akaenda ng'ambo. Huko nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wa avokado mkubwa, na ngazi ya mbao ya zamani, hata sijui kama haikutoka na Nuhu. Kidato kimoja cha hiyo ngazi kilikuwa kimevunjika, kikafungwa na mpira wa tyubu ya gari, vile sisi wote tunafunga kila kitu: baiskeli, geti, mzigo, hata ndoa zingine. Siku moja Mama Tony alikuwa na wageni wa kanisa, akataka avokado. Mutua akapanda. Mpira ukakatika. Akaanguka na mguu ukavunjika vibaya sana karibu na goti.

Hospitali walimfunga plasta lakini mguu ulipona vibaya, umepinda kama mkono wa kikombe. Daktari akasema lazima ufunguliwe tena, uwekwe chuma. Bila hivyo, ni magongo maisha yake yote, na shamba boi wa magongo hakuna mtu anaandika. Mutua hakuwa na kitu. Alikuwa amelala kwa dada yake Ndunge, msusi wa Kenyatta Market, chumba kimoja, mguu juu ya kiti cha wateja. Kwa hivyo kesi ndiyo ilikuwa imebeba huo mguu. Tukishinda, chuma. Tukishindwa, kurudi kwao Mwingi na magongo.

Na kesi yenyewe ilikuwa nyembamba. Mutua alisema alimwambia Mama Tony ngazi imeharibika. Mama Tony, akijibu barua yetu ya kwanza kupitia wakili wake, alisema hakuna siku aliambiwa, yeye hajui mambo ya ngazi, na kama ilifungwa mpira basi Mutua alijifungia mwenyewe. Hakukuwa na shahidi. Soja wa geti alikuwa mpya, na mti hauwezi kuapa. Wakili Mwende aliniambia wazi, ikiwa korti itaamini mama hakujua, hatuna kitu.

Mimi ndiye nilipeleka samansi huko. Nilienda na mandazi yangu, kumbe mbwa alikuwa ameshazeeka hana meno, akaniangalia na huruma. Mama Tony mwenyewe akafungua geti ndogo, mama mnene wa heshima, leso kichwani. Nikamsalimia. Nikauliza Tony. Nikauliza mvua. Kisha nikampa.

Akaangalia jina la Mutua kwa hiyo karatasi muda mrefu. Nikangoja matusi, maana hapo ndipo huwa yanakuja. Badala yake akaniuliza, "Mguu wake uko aje?"

Nikasema umepinda. Akauliza kama anakula. Nikasema anakula kile dada yake anapata. Akaniambia nisubiri, akaingia ndani, mimi nikajua anaenda kuita polisi, nikaanza kupima ukuta na macho. Akarudi na mfuko umejaa avokado, kubwa kubwa, kila moja kama kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza. Akasema nimpelekee Mutua, na nimwambie asizikate kabla ya Ijumaa, bado ngumu.

Nikamwambia, mama, hizi si ungempelekea mwenyewe? Akashika geti akasema alitaka kwenda hospitali siku ile ile, alikuwa ashavaa viatu. Lakini shemeji yake, mtu wa masomo, akamwambia akionekana kwa kitanda cha mgonjwa itakuwa amekubali makosa, itumike kortini. Akavua viatu akakaa. Wakili wake naye akaja akasema hivyo hivyo.

Sasa hebu fikirieni nyinyi. Mtu amekulindia maua miaka yote, ameanguka kwa mti wako, na huendi kumwona na hata pakiti ya sukari? Kwetu hata adui unaenda kumwona, hata kama ni kuhakikisha kweli ameumia.

Nilibeba huo mfuko mpaka Kenyatta Market, mkono ukarefuka mpaka leo huu wa kulia uko chini kidogo, mnipime mkitaka. Ndunge alikuwa anasuka mtu. Mutua alipoona avokado akajua mti papo hapo. Akachukua moja, akaifinya karibu na shina.

"Amechumiwa na nani?" akauliza.

Nikasema sijui, labda amechuma mwenyewe na fimbo ndefu. Akairudisha kwa mfuko. Halafu akaniambia nirudi nimwambie wakili aache kesi. Ati hawezi kushtaki mama mwenye amemtumia matunda. Ndunge akaacha kusuka, kichana ikiwa imesimama kwa kichwa ya mteja.

"Mutua, hizo avokado utaweka kwa goti?" akamuuliza. "Miezi yote umelia hapa kwamba hata kukuona hakuja, leo umeona mfuko, umepona?"

Mteja naye, nusu kichwa imesukwa, akasema kwake walimpoteza mjomba hivyo hivyo, kwa kusamehe. Salon yote ikaingia kesi. Mimi nikakumbuka Kilonzo na ile sabuni. Nikamwambia Mutua kesi si matusi. Kesi ni kuuliza nani alikuwa afanye kitu na hakufanya. Unaweza kumuuliza mtu hivyo na bado ule avokado yake. Akafikiria. Akasema sawa, lakini hatasema uwongo hata mmoja juu ya mama. Nikamwambia kwa hiyo kesi yetu uwongo haungesaidia, hata ukweli haukuwa unatosha.

Wakili Mwende aliposikia nimebeba zawadi kutoka kwa mtu nimempelekea samansi, alivua miwani.

"Mzee Njuguna, wewe ni wa kupeleka hati ama ni bodaboda ya matunda?"

Lakini hakukataa ile nilimwekea kwa meza. Ijumaa ilipofika, iliiva kweli.

Siku ya kesi tulienda korti ya Milimani. Mutua akaingia na magongo, Ndunge nyuma yake, shati amempigia pasi mpaka inasimama peke yake. Mama Tony alikuwa upande ule mwingine na wakili wake, kijana wa tai ndefu. Hawakusalimiana. Nilivyowaangalia, kila mmoja alikuwa anachungulia mwingine akifikiri haonekani.

Mutua akasema yake. Alisema alijua ngazi ni mbaya. Alisema alipanda hata hivyo, kwa sababu wageni walikuwa wameshafika. Kijana wa tai akamuuliza kama kuna mtu alisikia akimwambia mama. Akasema hakuna. Akamuuliza ni nani alifunga huo mpira. Mutua akasema, "Ni mimi." Kijana akaketi akitabasamu, na mimi nikaona magongo yakienda Mwingi.

Kisha Mama Tony akapanda kizimbani. Alikuwa amefundishwa vizuri. Kila kitu ni sijui, sikuona, sikuambiwa. Korti hapo ilikuwa inaongea Kizungu, na kulikuwa na karani wa kutafsiri, lakini mama alichagua Kiswahili. Wakili Mwende akasimama, mnamjua, polepole. Hakuuliza ngazi hata kidogo. Aliuliza Mutua alikuwa mfanyakazi wa aina gani.

"Mzuri," mama akasema. "Mwaminifu. Lakini mbishi. Ukimwambia fanya hivi, yeye anafanya vile."

Wakili Mwende akasema hapana, huyu Mutua anaonekana mtu wa kusikia. Akasema tu hivyo, akanyamaza.

Sasa nyinyi hamjui mama wa nyumba. Mwambie yeye ni mwizi, atacheka. Mwambie amekosea kumjua mfanyakazi wake, hapo umewasha moto.

"Huyu, wa kusikia?" Mama Tony akageuka. "Hiyo ngazi yenyewe, si nilimtolea mpira mpya kwa stoo na mkono wangu huu, nikamwambia funga na huu? Akaenda akafunga na ule wa zamani."

Kijana wa tai akafunga macho kama mtu amesikia gari lake likigongwa nje. Mama hakuwa ameona kile amesema, alikuwa bado anamwangalia Mutua na hasira ya nyumbani. Na Mutua, pale kwa benchi, akasahau ako wapi.

"Mama, huo mpya si ulichukua ukafunga mlango wa kuku?"

"Na si ungeomba mwingine?"

"Niliomba. Ukasema nifungefunge tu, utanunua ngazi mwisho wa mwezi."

"Na nikanunua?"

"Hukununua, mama."

Karani wa kutafsiri alikuwa anageuza kichwa huku na huku, hajui atafsiri nani. Wakili wa tai alisimama, hakimu akamwonyesha kwa kidole akae. Mama Tony akaangalia ule mguu umepinda. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza anauona. Alikuwa ameshika ile mbao ya mbele kama vile alishika geti.

"Sikununua," akasema. Na polepole, kama anajiambia, "Nilikuwa nimesema nitanunua."

Hakimu akavua miwani akaandika muda mrefu. Hukumu ilipotoka baadaye, alisema mama alijua ngazi ni mbovu, na ni yeye mwenye nyumba alikuwa na kazi ya kuleta ngazi nzima, kwa hivyo sehemu kubwa ya makosa ni yake. Sehemu ndogo akamwekea Mutua, kwa kupanda kitu alijua ni kibovu. Mimi nilikuwa nyuma, nikamsikia Kilonzo wazi kabisa, na Kilonzo wakati huo alikuwa Machakos na mbuzi. Mguu ukafunguliwa, chuma ikaingia.

Lakini siku ile ya ushahidi ndiyo sisahau. Tulipotoka nje kwa veranda, Mama Tony alikuja moja kwa moja. Kijana wa tai akamshika mkono, akamwambia kitu kwa sikio. Mama akamwambia, "Wewe ushasema ya kutosha, niache nimwone mgonjwa." Akafungua mkoba akatoa pakiti ya sukari na majani chai. Alikuwa amebeba hizo kortini, chini ya karatasi zote za kukataa makosa. Akampa Ndunge na mikono miwili. Mutua akamuuliza kama kuku wako sawa. Akasema mlango wao uliachilia, nguchiro akaingia akala wawili.

"Si nilisema huo mpira haufai," Mutua akasema.

Vijana, hiyo ndiyo kazi. Hati, viatu, salamu, na kuketi nyuma ya korti ukingoja mtu aseme kile amekuwa akitaka kusema.

Wiki iliyopita, vile sina kazi, nilienda Kenyatta Market kula mbavu. Mutua sasa ana kibanda cha matunda karibu na kwa Ndunge. Anachechemea, lakini anasimama bila magongo, na anasimama siku nzima. Nikamkuta Mama Tony ameketi hapo kwa stuli, amezeeka, anafinya avokado moja moja na kulalamika kwamba zake za nyumbani ni nzuri zaidi. Mutua anamwambia basi azilete amuuzie. Wakanivutia stuli. Nikaketi, nikainua macho, nikaona rafu ya juu, ile imebeba mananasi, imefungwa kwa nguzo na mpira wa tyubu.

Mama Tony akaiona pia. "Mutua, hiyo kitu imelegea," akasema.

"Nitafungafunga, mama."

Nikainua stuli yangu, nikaihamisha mpaka upande wa pili wa njia, na mbavu zangu nikazilia huko.